Kipupwe si Baridi ya Seoul: Majira ya Ugenini na Lugha ya Pwani ya Kilwa na Lindi

1.0 Utangulizi

Mtu wa pwani ya Kilwa au Lindi anayekwenda kusoma au kufanya kazi katika Jamhuri ya Korea aghalabu huagwa kwa wosia mmoja: ajihadhari na baridi. Wosia huo ni wa haki, kwani wastani wa joto la Seoul katika mwezi wa Januari huwa chini ya nyuzi sifuri. Hata hivyo, wosia huo una upungufu. Humfanya msafiri aione nusu nzima ya mwaka kuwa ni adhabu ya kuvumiliwa hadi iishe, na humnyima furaha ambayo wenyeji wa huko huipata katika miezi hiyohiyo.

Makala haya yanadai kwamba majira ya kupukutika majani na majira ya baridi kali yanaweza kufurahiwa na mtu wa Kilwa bila ya yeye kuacha kuwa mtu wa Kilwa. Kinachomzuia si baridi peke yake. Kizuizi kingine ni lugha, au tuseme namna lugha inavyotumiwa na wafasiri na waandishi wa vitabu vya kufundishia. Majira ya ugenini yamevishwa majina ya majira ya pwani, na kwa hiyo msafiri huyatazama kupitia vazi lisilokuwa lake.

2.0 Majina Yasiyolingana na Vitu

Katika tafsiri za Kiswahili, majira ambayo majani hupukutika huitwa mara vuli, mara demani. Na majira yanayoyafuata huitwa kipupwe. Hapana budi kuyachunguza maneno hayo mahali yanapoishi.

Vuli ni mvua za mwisho wa mwaka. Ni wakati wa kulima na kupanda, wakati wa matumaini. Tena, hata ndani ya Tanzania yenyewe neno hili halina mipaka ileile kila mahali. Kaskazini mwa nchi, vuli na masika ni misimu miwili ya mvua iliyotenganishwa na ukavu. Katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Lindi mvua huwa na msimu mmoja, unaoanza kwenye Novemba au Desemba na kuishia kwenye Aprili au Mei. Ikiwa neno hilo halimtoshi sawasawa mkulima wa Nachingwea, litamtoshaje mkulima wa Korea, ambaye Oktoba kwake ni mwezi wa kuvuna mpunga chini ya anga kavu isiyo na wingu? Demani nayo ni mwishilizo wa kusi, wakati upepo unapolegea na bahari inapotulia. Ni jina la baharini, wala halihusiani na majani ya miti.

Kipupwe ndicho chenye mkanganyiko mkubwa zaidi. Kwa kuwa Kilwa iko kusini mwa Ikweta, kipupwe chake huingia Juni na kuendelea hadi Agosti, wakati Seoul ina jua kali na mvua kubwa. Mwanafunzi akiandika nyumbani katika mwezi wa Desemba kwamba kipupwe kimeanza, msomaji wake wa Kilwa Masoko, ambaye wakati huo anatokwa na jasho, hapati picha yoyote. Zaidi ya hayo, kipupwe cha kusini si wakati wa ardhi kulala. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, barabara zimekauka, na watu wana nafasi. Ndio wakati wa arusi na ngoma, na ndio wakati ambao jamii nyingi za mkoa huo zimezoea kuwaweka vijana wao jandoni. Kuliita kwa jina hilo jira ambalo mito huganda ni kulipotosha jira la pwani na la Korea kwa pamoja.

Huenda ikadaiwa kuwa maneno hupanuka maana, na kwamba vuli inaweza kuwa na maana mbili bila madhara. Hoja hiyo ina nguvu pale maana mbili zisipokutana. Hapa zinakutana, tena katika barua moja: mwana yuko Seoul, mzazi yuko Nachingwea, na neno ni moja. Aidha, Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni, nchini Korea. Mwanafunzi Mkorea aliyefundishwa kuwa vuli ni wakati wa majani mekundu atakapoisoma riwaya ya Kiswahili ataona majani yakianguka mahali ambapo mwandishi aliona mbegu zikiota. Wahenga walikwisha kuonya: usisafirie nyota ya mwenzio.

3.0 Wekundu wa Jani na Asili ya Upepo

Majina ya kuazima yakiwekwa kando, msafiri hugundua kwamba hakwenda mikono mitupu. Katika misitu ya miombo ya Liwale miti hupoteza majani wakati wa kiangazi, na mibuyu ya Kilwa husimama uchi miezi kadhaa. Kupukutika kwa majani, basi, si jambo geni kwake. Lililo geni ni rangi. Miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua kunyesha. Wekundu ni dalili ya jani changa. Katika milima ya Seoraksan na Naejangsan wekundu ni dalili ya jani linaloaga, na Wakorea wana neno lao mahususi kwa rangi hizo, danpung, na husafiri makundi kwa makundi kwenda kuzitazama. Rangi moja kwa huyu ni uzazi na kwa yule ni kifo kizuri. Mtu anayezijua maana zote mbili anaona zaidi ya mwenyeji aliyezaliwa chini ya miti hiyo.

Hali kadhalika upepo. Kilwa ilijengwa na pepo za msimu. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara kutoka Uarabuni na Uhindi, na kusi iliwarudisha. Aliyechelewa kusi alilazimika kungoja. Chanzo cha kaskazi ni kupoa kwa bara la Asia: nchi kavu inapopoa kuliko bahari, hewa nzito hutoka barani na kuelekea kusini. Kupoa huko ndiko kunakoiletea Korea upepo mkavu wa baridi kutoka Siberia. Kwa maneno mengine, upepo unaowafanya watu wa Seoul wajifunike nyuso na upepo unaosukuma majahazi hadi Kilwa Kivinje ni watoto wa mama mmoja. Mtu wa Kilwa aliyesimama kando ya mto Han katika mwezi wa Januari amefika karibu na chimbuko la kaskazi yake mwenyewe. Ni vigumu kuuchukia upepo ambao mtu anaujua ukoo wake.

Wala yeye si wa kwanza. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo, baadaye alisafiri wakati wa baridi kutoka Constantinople kuelekea nchi za Kipchak. Alieleza jinsi alivyovaa makoti matatu ya manyoya, na jinsi maji ya udhu yalivyoganda katika ndevu zake. Na mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, kitabu ambamo Selim bin Abakari anaisimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia. Anayedhani kuwa Kiswahili hakijawahi kufika kaskazini ya mbali amesahau maktaba yake mwenyewe.

4.0 Furaha Hutokana na Kazi

Uzuri wa majira haujui njia ya macho peke yake. Wakorea huyafurahia majira yao kwa sababu kila jira lina kazi zake, vyakula vyake na hesabu zake. Mwishoni mwa mwaka familia na majirani hukusanyika kutia kabichi chumvi na pilipili ili kutengeneza kimchi ya kula wakati wa baridi. Desturi hiyo, iitwayo kimjang, iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi usioshikika. Mtu aliyekulia penye makopa ya muhogo na ng'onda anaelewa mara moja maana ya kukiandalia chakula wakati wa uhaba. Miezi hiyohiyo kwao ni ya kuokota korosho. Kadhalika, Wakorea waliugawa mwaka wa jua katika vipindi 24, kila kimoja na jina lake. Na wazee wa pwani waliuhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakijua mwongo upi ni wa kupanda na upi ni wa kutweka tanga. Hayo ni maarifa ya aina moja.

Haisemwi kwamba hakuna taabu. Mwishoni mwa Desemba jua la Seoul huchomoza karibu na saa mbili kasorobo asubuhi na kutua karibu na saa kumi na moja na robo jioni. Saa ya Kiswahili, iliyofungwa kwenye macheo na machweo ya nchi za Ikweta, hupoteza mizani yake, na Magharibi huadhiniwa wakati ambao kwao watu bado wamo kazini. Giza hilo humwelemea mgeni, hasa akijifungia chumbani peke yake. Lakini nyumba za huko hupashwa moto kutoka chini ya sakafu, kwa utaratibu uitwao ondol, na wenyeji wamezoea kuketi chini, kula pamoja na kuzungumza. Aliyezoea kuketi mkekani hahitaji kufundishwa heshima ya kikao hicho. Anachohitaji ni kutoka chumbani mwake na kukaribia.

5.0 Hitimisho

Yapo mambo matatu yanayofaa kufanywa. Kwanza, vuli, demani na kipupwe yaachiwe maana zake za pwani. Pili, kwa kuwa neno machipuko limekwisha kuzoeleka kwa majira ya kuchipua, mwenzake aitwe mapukutiko. Na majira yenye kuganda maji yaitwe majira ya jalidi, kwa kuwa theluji si lazima ianguke kila mahali na kila mwaka, ilhali jalidi haikosekani. Watumiaji wakipata maneno bora zaidi, na wayatumie. Muhimu ni kutofautisha. Tatu, vitabu vya kufundishia vieleze majira ya dunia kwa kuanzia pepo za msimu, ambazo mtoto wa Kilwa anazijua kabla hajaingia darasani.

Suala hili si la kamusi tu. Kila mwaka vijana wa nchi hii huenda kuishi chini ya mbingu nyingine. Lugha inayowapa jina moja tu, baridi, huwapeleka wakiwa na ngao bila macho. Kilwa kwa karne nyingi iliwapokea wageni waliongoja upepo ugeuke, na wengi wao hawakuungoja kwa kununa: walijifunza lugha, walioa, walijenga. Sasa ni zamu ya watu wake kungoja msimu katika bandari ya wengine, na mfano wa kungoja vizuri wanao nyumbani kwao.