Maji ya Kilimanjaro: Kuitwa Kikaoni Siyo Kushirikishwa

Wadau, kuna neno limetumika mpaka limechakaa: ushirikishwaji. Kila mradi unaokuja Moshi, uwe wa mlimani au wa tambarare, unakuja nalo. Mnaitwa mkutanoni, mnaonyeshwa ramani, mnasaini karatasi ya mahudhurio, basi, mmeshirikishwa! Mimi nasema hapo bado. Swali langu ni moja tu: nani anafungua na kufunga maji, na daftari la hela analo nani?

Tuanzie mlimani. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kutoa maji mtoni mpaka migombani, kabla Johannes Rebmann hajafika huku mwaka 1848. Hakuna injinia aliyeletwa. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na msimamizi wake, meni mfongo. Siku ya kusafisha unatoka na jembe lako. Usipotoka, faini inakuhusu. Maji ya usiku yalikusanywa kwenye bwawa dogo, nduwa, na watu wakamwagilia kwa zamu. Mtumiaji ndiye alikuwa fundi, mlinzi na mpanga ratiba.

Ila tusidanganyane eti zamani ilikuwa pepo. Vikao vya mfongo vilikuwa vya wanaume. Wanawake, ambao ndo walibeba maji ya nyumbani, hawakuwa na sauti pale. Kwa hiyo ukisikia "wananchi wenyewe wameamua", uliza: wenyewe gani?

Sasa tushuke tambarare. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi kwa msaada wa Japani: takriban hekta 1,100 za mpunga upande wa Mabogini na Chekereni, maji yakitoka mto Rau na chemchemi ya Njoro. Mpunga ukakubali kweli kweli. Kumbe majirani wa upande wa juu, ambao hawakuwemo kwenye mradi, walikuwa wanaona. Nao wakafungulia maji wakalima mpunga. Wa chini wakakaukiwa.

Hivi hao wa juu ni wezi? Wa ndani ya mradi watasema ndiyo. Wenyewe watakuuliza: mto unapita mlangoni kwangu, nani alikaa na mimi tukagawana? Zege na milango ya chuma havikuweza kujibu swali hilo. Baadaye wakulima wakawa na chama chao, CHAWAMPU. Hatua nzuri, lakini ilikuja wakati mradi umeshachorwa na kujengwa.

Kwenye karatasi mambo yamebadilika. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka wananchi wa vijijini wamiliki na kuendesha miradi yao. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Sheria ya 2019 ikaleta RUWASA, na chini yake vyombo vya maji vya ngazi ya jamii. Safi. Lakini chombo kinaweza kuwa na jina na mhuri, halafu kazi yake ikawa kukusanya bili tu. Kuchangia hela siyo kumiliki.

Kwangu usawa una vipimo vitatu. Kwanza, watu wa juu na wa chini waitwe kabla mchoro haujaisha, siyo siku ya kukata utepe. Pili, mapato na matumizi yasomwe hadharani kwa lugha ya kueleweka. Tatu, watumiaji waweze kumtoa kiongozi anayeboronga. Sisemi kila mtu awe injinia. Injinia anajua bomba la inchi ngapi linafaa. Bibi wa Kibosho anajua chemchemi ipi inakufa kiangazi. Mmoja akinyamazishwa, mradi unachechemea.

Na sisi vijana tujiangalie. Wengi tuko Dar na Arusha, nyumbani tunapanda Desemba. Viongozi wa chombo cha maji wanachaguliwa hatupo, halafu Krismasi tunalalamika bomba linatoa upepo. Ukiwa nyumbani, kabla ya mbege, ulizia kitu kimoja: daftari la maji la kijiji lilisomwa lini mara ya mwisho?

Ukipata jibu, tuandikie hapo chini. Hata ukifukuzwa, tuandikie vilevile.