Muda Unaokolewa kwa Ajili ya Nani?

Niliporudi kutoka Ujerumani, nilikokaa siku nane katika kambi ya uimbaji, wazee wa kanisa walinipa nafasi ya kutoa taarifa baada ya ibada. Swali la kwanza lilikuwa kama wenyeji wangu wamekubali kutusaidia kununua kinanda kipya. La pili, nimeleta nyimbo gani mpya. Nilijibu kwamba nimeleta wimbo mmoja tu, nao ni wetu. Watu wakacheka. Sikuwa natania.

Jioni ya tatu kule kambini mwalimu alitaja namba 116 ya Evangelisches Gesangbuch, kitabu cha nyimbo cha Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani. Kabla mstari wa kwanza haujaisha nilikuwa nimeutambua: ni "Mfurahini, Haleluya", ambao Bernard Kyamanywa aliuandika mwaka 1966, kwa lahani ya kwetu Tanzania. Ulrich Leupold aliutia katika Kijerumani mwaka 1969. Wenzangu wakaniomba niwaimbie beti zote kwa Kiswahili. Mimi, mwalimu wa kwaya kwa miaka 18, nilikwama beti ya pili. Mama mmoja mzee aliyeketi karibu nami akaendelea kwa Kijerumani hadi mwisho bila kutazama kitabu, nami nikamfuata kwa mdomo uliofumba.

Kwa nini sikuujua? Kwa sababu usharikani kwetu tuna kwaya nne, na kila moja lazima iimbe mara mbili, wakija wageni mara tatu. Wimbo wa kitabuni hukatwa ukabaki beti mbili, "kuokoa muda". Muda huo unaokolewa kwa ajili ya nani? Kwa ajili yetu wanakwaya. Mpiga kinanda anabonyeza mdundo uliokwisha kupangwa kiwandani, spika zinatetemesha madirisha, na bibi aliyejifunza alto kwa solfa enzi za usichana wake anakaa kimya kama mtu aliyekuja kwenye tamasha. Kisha tunapigiwa makofi. Wengine wanapita mbele kututunza noti, nasi (nakiri) tunazihesabu.

Najua nitajibiwa kwamba kwaya zinahubiri, na zimewashika vijana wengi wasipotee. Ni kweli kabisa. Mimi ni mmoja wao; kwaya ilinipokea nikiwa na miaka 14. Sisemi zifutwe. Nasema kwaya iliwekwa iongoze kusanyiko lipate kuimba, na sasa inaimba badala yake. Mtume Paulo katika Wakolosai 3:16 hasemi na kwaya, anasema na kanisa zima. Na kile kitabu kidogo cha nyimbo cha Walutheri cha mwaka 1524, chenye nyimbo nane tu, nne zikiwa za Luther mwenyewe, kilikuwa katika lugha ya watu ili watu waimbe. Sisi tunajiita watoto wa Matengenezo, na tumewarudisha Wakristo kwenye benchi wasikilize.

Wengine wanasema nimekwenda Ulaya nikarudi Mzungu. Jumapili niliyosali nao, kanisani hatukufika watu 30, wengi wazee, na nilihuzunika. Sitamani makanisa yetu yawe hivyo. Lakini kila mmoja alifungua kinywa, na walichokiimba jioni ile kambini hakikuzaliwa kwao. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, alihangaika kukusanya lahani za makabila yetu katika kitabu Tumshangilie Mungu. Nakala yetu nimeikuta katika kabati la kanisa, chini ya nyaya za spika.

Niliomba baraza la wazee jambo moja: Jumapili moja kila mwezi, wimbo wa kusanyiko uimbwe beti zote, vipaza sauti vikiwa vimezimwa. Ombi liliwekwa kwenye "mengineyo", likaahirishwa hadi kikao kijacho. Sijui kinachoogopwa ni nini. Gharama yake ni dakika sita.

Hadi hapo, tunaimba kwenye jumuiya yetu kila Jumatano jioni, sebuleni kwa jirani, bila kinanda. Tumefika beti ya tatu, na yule bibi wa alto ndiye anayetusahihisha.