Kijana wa Lumakanda, Ingia Chamani

Kaa kwenye steji ya bodaboda hapa Lumakanda uwaulize vijana wako chama gani. Watakujibu kwa fahari: "Sina chama, niko na wananchi." Tangu maandamano ya Juni 2024, vijana walipojitangaza hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, imekuwa kama amri kwamba mwenye msimamo hagusi chama. Nawaheshimu walioingia barabarani, na waliouawa tusiwasahau kamwe. Lakini imani hii ni potofu, na anayeumia ni kijana mwenyewe.

Tarehe 25 Juni 2024 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha uliozua maandamano hayo kwa kura 195 dhidi ya 106. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi kwa sababu ya nguvu ya barabara. Ule ulikuwa ushindi. Ila wale 195 walifikaje bungeni? Wengi walibebwa na tiketi ya chama, na katika ngome za vyama, mwenye tiketi ameshashinda kabla ya uchaguzi wa Agosti. Siku ya mchujo wa chama, foleni ni ya waliosombwa na gari la mgombea na waliogawiwa leso. Kijana mwenye hoja yuko kwenye simu, analalamika.

Mtaniambia vyama vina wenyewe. Kweli kabisa. Chama cha ANC, chenye mizizi huku kwetu Magharibi, kiliingizwa UDA, chama cha Rais, mwanzoni mwa 2025, na sikusikia mwanachama wa kijijini akiulizwa. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa vyamani bila ridhaa yao. Lakini hayo yanawezekana kwa sababu matawi ni matupu. Tawi lenye vijana mia mbili wanaodai kuona daftari la wanachama haliuziki kirahisi. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya pesa ambazo chama kinapata kutoka Mfuko wa Vyama vya Siasa iinue uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi ya wachache. Nani hapa wadini amewahi kuuliza zilikoenda?

Asiyetaka chama kabisa awe mgombea huru. Hata hivyo, kiti cha mwakilishi wa wadi (MCA) kinamdai sahihi 500 za wapiga kura wa wadi, na kuzipata ni kuunda kundi, nyumba kwa nyumba.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na mchujo utautangulia. Angalia kwenye eCitizen umeandikwa chama gani. Kama si chako, jiondoe. Kama ni chako, nenda tawini na wenzako ishirini, mdai uchaguzi wa viongozi.