Chagua, Lakini Usikatae

Katika Kisukuma lipo neno ambalo wakazi wengi wa Shinyanga na Geita hawahitaji kufafanuliwa: chagulaga. Maana yake ni "chagua". Kwa desturi inayobeba jina hilo, kundi la vijana wa kiume humfuata msichana anapotoka ngomani, mnadani au kisimani, wakamzingira na kumtaka aseme ni nani kati yao anayempenda. Wazee wanaoitetea huieleza kama mchezo wa uchumba uliompa binti nafasi ya kumpata amtakaye badala ya kupangiwa na baba yake. Yawezekana kwa baadhi ya wasichana ilikuwa hivyo. Hata hivyo, liko jibu moja ambalo mchezo huo haukulitengea nafasi, nalo ni "simtaki yeyote". Msichana aliyelitoa aliweza kukimbizwa, kukamatwa na kuchukuliwa kwa nguvu, na kitendo hicho kina jina jingine hospitalini na mahakamani.

Desturi hii inafaa kutafakariwa na yeyote anayetilia shaka ufeministi. Neno hilo huwatisha wengi, nao hulichukulia kuwa ni mafundisho ya kigeni yaliyokuja kuwagombanisha wake na waume. Wanasahau kwamba Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, uliofanyika Beijing mwaka 1995, Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa lile lile linalopakana na Geita. Wanasahau pia kwamba bibi zao walijua tofauti kati ya kuridhia na kushindwa kukataa, hata kama hawakuwahi kulisikia neno ufeministi. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa.

Kiini cha ufeministi kinaweza kupimwa kwa swali moja jepesi: mwanamke huyu akisema hapana, litampata jambo gani? Ikiwa hakuna baya litakalompata, basi hata "ndiyo" yake ni ya kweli. Ikiwa atapigwa, atafukuzwa, atanyimwa huduma au atalala njaa, "ndiyo" yake haina uzito wowote, hata akiitamka kwa tabasamu.

Swali hilo lielekezwe kwanza kwenye ndoa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla haujagawanywa, asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku umri wa mvulana ukiwa miaka 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo. Katika mpangilio ule wa zamani, ridhaa iliyotafutwa ilikuwa ya mzazi. Wauguzi wa wodi za wazazi wanayajua matokeo yake: kifafa cha mimba, uchungu pingamizi katika nyonga ambazo hazijakomaa, na fistula inayomwacha msichana akivuja mkojo na kutengwa na wenzake.

Lielekezwe pia kwenye mali, kwa kuwa mtu asiye na pa kulala hawezi kukataa kitu. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliofiwa na waume zao na kunyimwa urithi kwa kutumia sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963, walihangaika katika mahakama za nchi kwa miaka mingi bila kupata nafuu. Hatimaye walipeleka malalamiko yao kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Mke anayejua kuwa nyumba, shamba na hata watoto wanaweza kubaki kwa ndugu wa mume hupima kila neno analolisema ndani ya nyumba hiyo. Hupima pia kama anaweza kumwomba mume avae kondomu.

Machimboni swali hili huwa gumu zaidi. Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na kwingineko katika ukanda wa dhahabu, wanawake huponda mawe, huosha mchanga, huchota maji na kupika chakula cha wachimbaji. Katika baadhi ya maduara bado wanazuiwa kuingia kwa imani kwamba mwanamke huifukuza dhahabu, lakini hakuna imani inayowazuia kuishika zebaki. Mchanganyiko wa zebaki na dhahabu huchomwa mara nyingine karibu kabisa na jiko la familia. Mvuke wake huingia mapafuni, hupita katika damu, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Mama huyo akifika zahanati akitetemeka mikono na kulalamika kukosa usingizi, ni rahisi kumwambia, "Umechagua mwenyewe kazi hii." Je, aliyechagua kati ya zebaki na njaa amechagua? Ushauri wenye manufaa huanzia mahali alipo: kazi ya kuchoma ifanyike nje na mbali na watu, chombo cha kunasia mvuke kitumike, nguo za kazi zisiingie chumbani, na mjamzito au anayenyonyesha apewe na wenzake kazi nyingine isiyo ya zebaki.

Baada ya ndoa, mali na machimbo, swali linarudi kwa wahudumu wa afya wenyewe, na hapo ndipo linapochoma. Vituo vya afya navyo vina chagulaga yao.

Mfano wa kwanza ni hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito. Kumwalika mwenza ni jambo jema. Wazazi wanaopimwa pamoja VVU na kaswende humlinda mtoto vizuri zaidi, na mume aliyezisikia dalili za hatari hatachelewa kutafuta usafiri. Lakini katika baadhi ya vituo mwaliko umegeuka kuwa sharti. Mama aliyekuja peke yake hurudishwa nyumbani, au hutakiwa kuleta barua ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Katika ukanda huu, waume wengi wako maduarani kwa miezi mingi. Wengine hawapatikani hata kwa simu. Wako pia wanawake ambao mimba zao hazina mume wa kuitwa, na wengine ambao mume ndiye hatari yenyewe. Mama wa namna hii, akirudishwa mara moja, huenda asionekane tena mpaka siku ya uchungu. Mpango uliokusudiwa kumleta baba unakuwa umempoteza mama.

Mfano wa pili ni uzazi wa mpango. Miongozo ya taifa haimtaki mwanamke alete ruhusa ya mume, lakini bado yuko anayeulizwa, "Mwenzako anajua?" kabla ya kuulizwa anataka nini. Wapo wanaochagua sindano kwa sababu moja tu, kwamba haiachi alama mwilini, na kadi zao huomba zibaki kituoni. Huo ni usiri wa mgonjwa, na mhudumu hana haki ya kuuvunja. Upande wa pili, mwanamke aliyewekewa kipandikizi cha miaka 3 au 5 hurudi baada ya miezi michache akitokwa damu bila mpangilio na kutaka kitolewe, akaambiwa muda wake bado. Aliyeruhusiwa kuingia katika njia na akakataliwa kutoka ameshazingirwa. Kumsikiliza, kumweleza kuwa damu hiyo inaweza kutibika, kisha kukitoa akiendelea kukitaka kitolewe, ni sehemu ya huduma ile ile.

Mfano wa tatu ni rufaa. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua wajawazito: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Barabara na magari ya wagonjwa hupunguza ule wa pili. Dawa, damu na wataalamu hupunguza ule wa tatu. Wa kwanza hukaa nyumbani, pale mama anapovuja damu huku ukoo ukimsubiri mwanamume mmoja arudi mnadani ili atoe ruhusa.

Wapo watakaosema kwamba mawazo haya yatawafundisha wanawake kukataa kila kitu: ndoa, watoto na waume. Hofu hiyo haina msingi. Mama wa Kishapu anayetaka watoto saba na kuwalea kwa furaha ana haki sawa na yule wa Geita mjini anayetaka wawili. Ufeministi usiomheshimu mama huyo wa kwanza nao umemchagulia. Wala mwanamume hapotezi kitu kwa kusikia "hapana" inayotoka moyoni, kwa sababu ndipo anapoweza kuiamini "ndiyo".

Mhudumu anaweza kuanza kesho bila bajeti mpya. Kila mwanamke, awe amesindikizwa au la, apewe dakika chache za kuonana na muuguzi peke yake. Likiwa ni utaratibu wa wote, hakuna mume atakayehisi ametengwa wala mke atakayeshukiwa. Mwenza aitwe pale mama mwenyewe anapokubali. Aliyekuja peke yake apimwe na kufunguliwa kadi siku hiyo hiyo.

Naye mgonjwa anayesoma haya ajue kwamba anaruhusiwa kuomba faragha, kuuliza njia nyingine zilizopo, kuomba muda wa kufikiri, kukataa, na kubadili nia baada ya kukubali. Akifanya hivyo hajamkosea adabu daktari. Amemsaidia kujua kwamba huduma anayoitoa inatakiwa.