Miaka Sita si Mingi

Kila nikisema nataka kusomea usanifu majengo, rafiki zangu hucheka: "Ati miaka sita! Utamaliza ukiwa mzee, bwana!" Hata baba hunishauri nichukue ualimu, nipate kazi mapema.

Ni kweli. Pale Chuo Kikuu cha Nairobi shahada hii huchukua miaka sita, ilhali nyingi ni minne tu.

Lakini jamani, tazameni hapa kwetu Wema. Mto Tana ulifurika mwaka wa 1997, ukafurika tena 2018, 2023 na 2024. Mwaka wa 2018 tulihama usiku, mimi nimejitwika godoro. Maji yalipopungua, tulijenga palepale, nyumba ileile ya udongo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta mara ngapi?

Msanifu hachori maghorofa ya mjini tu. Huchunguza kwanza ardhi na njia ya maji, ndipo achore. Nani ataujua mto huu kutushinda sisi?

Basi tukazane na hisabati, fizikia na uchoraji. Baba, naomba uningojee miaka hiyo sita.