Marobota ya nyasi pekee hayatawaokoa mifugo Kajiado

KIANGAZI kinapobisha hodi Kajiado, marobota ya nyasi kavu hugeuka bidhaa adimu. Mfugaji wa Kitengela huuliza bei na uzito wake, ila ni nadra aulize iwapo lishe hiyo ina protini ya kutosha. Swali hilo ndilo linalostahili kuwa kiini cha mjadala kuhusu malisho.

Mvua ilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, zaidi ya mifugo milioni 2.5 walikufa nchini. Zamani mfugaji angehama kufuata majani. Leo hii, ardhi iliyokuwa ya pamoja Kitengela imegawanywa, ikauzwa na kuzungushiwa nyua. Aliyebaki na ekari chache hana budi kuvuna lishe pale pale alipo.

Wengi hupanda nyasi pekee. Tatizo ni kwamba nyasi za maeneo ya joto zikikomaa na kukauka, aghalabu protini yake hushuka chini ya asilimia 7. Hapo vijidudu vinavyosaga chakula tumboni mwa ng'ombe hudhoofika. Ng'ombe hushiba, lakini hukonda na maziwa yake hupungua.

Suluhu ni kuchanganya nyasi na mimea jamii ya kunde. Fiwi, maarufu kama njahi, na kunde zenyewe huwa na protini inayozidi asilimia 15 zikivunwa zingali na majani mabichi. Isitoshe, bakteria walio katika mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani, hivyo kumpunguzia mkulima gharama ya mbolea.

Hata hivyo, tusinakili kila kitu kutoka kwingineko. Desmodiamu, ambayo imewafaa wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaoipanda pamoja na mahindi na matete, huhitaji mvua nyingi kuliko inayonyesha katika mbuga za Kitengela. Fiwi na kunde hustahimili ukame zaidi. Kwa upande wa nyasi, zipo za kiasili zilizofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Kiboko, Makueni, kilicho chini ya shirika la KALRO.

Mseto huu pia una masharti yake. Nyasi zikiachwa zirefuke kupita kiasi, huinyima kunde mwanga. Yafaa kila mmea upewe mstari wake, na lishe ikatwe nyasi zinapoanza kuchanua, kisha ianikwe bila kupukutisha majani.

Mfugaji hawezi kulibeba jukumu hili peke yake. Serikali ya kaunti ihakikishe mbegu bora zinapatikana kabla ya mvua kuanza, na maafisa wa mifugo wafike mashambani. Kugawa marobota wakati mizoga imeshatapakaa ni kuchelewa. Akiba haiozi, lakini akiba isiyo na lishe haimwokoi ng'ombe.