Uzamivu wa ubunifu: darasa liko Michenga, mlango uko wapi?

Leo tuongee habari ya shule, tena ile ya juu kabisa: uzamili na uzamivu wa utafiti katika ubunifu. Najua wapo watakaosema, "Aah, ubunifu si kuchora nembo na kadi za harusi? Uzamivu wa nini tena?" Subirini kwanza.

Anzieni hapa hapa Michenga. Msimu wa mpunga ukifika, watu wanafunga nyumba na kuhamia shamba wiki kadhaa. Wanalala kwenye vibanda vya miti na nyasi, ukuta nusu au hakuna kabisa. Chandarua unatundika wapi? Na hata ukipata pa kutundika, saa moja jioni bado upo nje unapika ugali na mbu wanakula miguu. Ni tatizo la malaria, sawa. Lakini pia ni tatizo la ubunifu: kitu gani kitengenezwe, cha bei gani, ambacho mkulima atakibeba kwenye baiskeli na kukitumia kweli?

Watu wameshalifanyia kazi. Mwaka 2016 Johnson Swai na wenzake wa Ifakara Health Institute walichapisha utafiti juu ya wakulima hao wanaohama, na ndani yake kuna kibanda kisichoingiza mbu, cha kukunja na kubeba. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Nicodemus Govella na wenzake walitoa hema la kunasia mbu linaloitwa Ifakara Tent Trap. Halikuishia toleo la kwanza. Likaja toleo C ili anayelala ndani awe salama zaidi. Mwaka 2020 zikachapishwa tafiti za viti na makubazi yaliyofungwa kitambaa cha gunia chenye dawa ya kufukuza mbu. Viti na makubazi jamani! Kama huo si ubunifu, ubunifu ni nini?

Hapo ndipo tofauti ya fundi na mtafiti ilipo. Fundi anatengeneza kiti, mteja anaridhika, biashara imeisha. Mtafiti anatakiwa aonyeshe kwa nini kiti hiki kimefaa na kile kimeshindwa, apime, aandike, ili mtu wa Mlimba au Malawi asianze upya. Shahada ya utafiti inadai hicho: swali, jaribio, na jibu ambalo wengine wanaweza kulitumia.

Sasa tatizo langu. Kazi hizi zote zinasomeka kama sayansi ya mbu na afya ya jamii. Kijana anayejua kuchora na kuunda vitu haoni kwamba mlango huo unamhusu. Akitafuta shahada yenye jina la ubunifu, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha hadi uzamivu. Hapa kwetu anakutana na Ardhi, ambako kuna usanifu majengo na ubunifu wa ndani ya majengo. Vizuri, lakini kibanda cha shamba kiko wapi hapo?

Halafu kuna kubwa zaidi. Vitu hivi havijiundi. Kuna seremala aliyekata mbao na kuna fundi cherehani aliyeshona hema, na mara nyingi ndiye anayesema, "Hapa patachanika, tuweke hivi." Huo ni mchango wa utafiti. VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti, nawapongeza. Ila toka cheti hicho mpaka uzamili ni ngazi ndefu: stashahada, halafu shahada ya kwanza, miaka na ada juu ya ada. Wengi wanaishia chini, na mawazo yao yanapanda yenyewe kwa jina la mwingine.

Sisemi fundi apewe uzamivu kama pipi. Lazima asome, aandike, ahojiwe. Nasema mambo mawili tu. Kwanza, vyuo na taasisi zinapotangaza nafasi za uzamili kwenye miradi kama hii, zitaje wazi kwamba waliosomea ubunifu na usanifu wanakaribishwa, sio biolojia peke yake. Pili, fundi aliyebadilisha umbo la kifaa atajwe kwenye chapisho, na mradi utenge fungu la kumsomesha ngazi inayofuata. Hela ya kununua mbao inapatikana. Ya kumsomesha anayezikata inashindikana vipi?

Na wewe unayesoma hapa kafe huku dakika zinakwisha: usisubiri wazo litoke London. Nenda shamba msimu huu, angalia watu wanavyolala, chora, uliza, andika tarehe. Siku ukiulizwa "swali lako la utafiti ni lipi?" utakuwa nalo tayari.

Nimekosea wapi? Mafundi na wanachuo, nawasubiri kwenye maoni.